Kikombe cha Waridi

Kwenye duka la bunduki la Lamar, mjini Pruitt, Missouri, kuna benchi moja pembeni ya birika la kahawa, na ole wako ukilikalia hujui sheria zake. Ukutani kuna misumari mitatu ya vikombe, na kila kikombe kimeandikwa unene wa risasi anayoiamini mwenyewe: Tisa, ambayo ni milimita, kisha Arobaini na Arobaini na Tano, ambazo ni sehemu za mia za inchi. Msumari wa nne una kikombe cha rangi ya waridi, Thelathini na Nane, bastola ya silinda ya kina bibi, isiyohitaji kukokiwa. Hicho hakina mwenyewe, kiliwekwa cha kuchekea watu. Ukibadili bastola unabadilishiwa kikombe, na unazomewa mpaka Krismasi. Basi asubuhi hiyo ya Januari Delbert, ndiye Arobaini na Tano, aliingia na mkebe wa chakula kwapani, na chakula hakikuwemo. Ilikuwemo bastola yake ya arobaini na tano, aliyokaa nayo miaka mingi. Baridi yabisi imemkamata vidole, kuikoki, yaani kuvuta chuma cha juu ili risasi iingie, hawezi tena, na alitaka kuibadilisha kimyakimya kabla wenzake hawajafika. Wenzake, balaa gani hii, walikuwa wameshakaa!

— Arobaini na Tano! — akapaza sauti Clete, fundi bomba mstaafu, mwenye kikombe cha Tisa. — Leo umebeba chakula? Mkeo Loretta kakufukuza?

— Sandwichi tu, — Delbert akasema, akausukuma mkebe chini ya benchi. Ukagonga mfuko wa Orville, mwenzao wa tatu, uliokuwa chini pale. Kitu kizito kikalia, lakini hakuna aliyeuliza.

— Umesikia? — Clete akaendelea. — Askari wa kaunti jirani wamerudi kwenye tisa. Wote! Arobaini imekufa, tumeshaizika.

Orville, Arobaini mwenyewe, aliyekuwa askari wa sherifu miaka ishirini, nusura amwage kahawa.

— Imekufia wapi? Si ninyi mlioipangia foleni? Wewe Clete ulikuwa nayo!

— Nilikuwa kijana.

— Ulikuwa na miaka hamsini!

— Watu wameamka, bwana. Risasi za tisa za siku hizi si zile. Zimeenda shule.

— Shule gani? Ni makoti! Zamani wezi walivaa makoti ya sufu, ukahitaji risasi nene. Sasa wanavaa fulana. Sufu ikirudi mtanitafuta.

— Yangu haina haja hata ya kumpiga mtu, — Delbert akajisikia akisema. Alijua anaropoka, lakini kikombe chake kilikuwa pale juu, angefanyaje? — Ikimpitia karibu tu, anashikwa na mafua wiki nzima.

— Basi kaiuze duka la dawa!

— Nyamaza wewe. Yako ukimpiga mtu, anageuka kukuuliza saa.

Wakacheka mpaka benchi likalia. Lamar alikuwa ameingia stoo kutafuta kahawa nyingine, na mlango ukafunguliwa. Aliingia Marlys, mpishi wa shule, mgeni pale mjini, wiki tatu tu.

— Samahanini wazee. Nataka kitu cha kukaa nacho nyumbani, ila mkono huu niliuvunja mwaka jana, hauna nguvu.

Wote watatu wakasimama, wakamrukia kwa maneno. Shule, sufu, mafua, vyote akavisikia.

— Haya, — akasema. — Nimeelewa ipi itamwangusha nani. Mimi nauliza kadogo tu. Ipi ni rahisi kukoki? Hebu mmoja anioneshe kwa bastola yake.



Clete akainamia kikombe chake. Orville akalishika bega, akasema kuna siku halikai vizuri.

— Basi wewe, mzee, — Marlys akamgeukia Delbert.

Delbert akatazama vidole vyake vilivyopinda. Aibu ikampanda mpaka masikioni, halafu, kwa kweli, akachoka nayo.

— Siwezi, mama. Tangu Oktoba siwezi. Mke wangu ndiye anayenikokia, kisha ananiuliza kama nimelindwa.

Akauvuta mkebe, akauweka juu ya kaunta.

— Lamar! Chukua hii, nipe ya silinda. Ile ya kina bibi. Na kikombe changu kishusheni, mnizomee tumalize!

Akafumba macho kungoja. Hakuna aliyezomea. Alipoyafumbua, Clete alikuwa anatoa kitu mfukoni mwa koti, polepole, amekivingirisha kwenye soksi.

— Hata hii tisa, — Clete akanong'ona, — imenishinda kuikoki.

Lamar akatoka stoo na kopo la kahawa. Akatazama mkebe, akatazama soksi, akakishusha kikombe cha waridi na kukipuliza vumbi.

— Kikombe ni kimoja tu, — akasema. — Nani wa kwanza?

Orville akainama akigumia, akautoa mfuko wake chini ya benchi, ile Arobaini ikagonga ndani yake.

— Mimi, — akasema. — Nilifika hapa kabla hujafungua mlango.