Mwalimu Euphrasia Tarimo na Watoto Waliopotea Kariakoo

Tarehe 12 Septemba 2025 Mwalimu Euphrasia Tarimo anatimiza miaka sitini na kustaafu utumishi wa umma. Ametumikia miaka thelathini na saba, yote katika shule yetu ya Msingi Kisimani, hapa hapa Kariakoo, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo amekuwa pia kiongozi wa kundi letu la skauti. Kamati ya sherehe imenikabidhi mimi, Sadalla wa Hisabati, kazi ya kuandika wasifu wake. Nilipomweleza, alicheka akasema, "Andika kifupi, watu watakuwa na njaa." Nitajitahidi, ingawa sijiamini sana.

Mwalimu ni mzaliwa wa Rombo, kitinda mimba wa familia yao. Alipopangiwa Dar es Salaam mwaka 1988 alishuka na sanduku la bati, akafikia kwa kaka yake, marehemu Kasmir, aliyekuwa na duka la vifaa vya ujenzi Mtaa wa Swahili. Alilala chumba cha nyuma ya duka, kati ya mifuko ya saruji na makopo ya rangi, na asubuhi alivuka barabara tu akawa yupo kazini. Baadaye alipanga Magomeni, na ndiko anakoishi mpaka leo. Kaka alipofariki, duka liliuzwa, wifi na watoto wakahamia Arusha. Mwalimu hakuwahi kuolewa, nasi hatukuwahi kumwuliza. Alibaki mjini bila ndugu.

Uskauti aliupata kwa sababu hakuna mwingine aliyeutaka. Mwaka 1992 Mwalimu Mkuu wa wakati ule alitafuta mtu wa kufufua kundi. Walimu wanaume wakauliza kuhusu posho, wakaambiwa haipo, wakakumbuka shughuli nyingine. Mwalimu Euphrasia aliomba ufunguo wa stoo tu, ambako hema na kamba za zamani zilikuwa zinaliwa na panya. Jumamosi iliyofuata alikuwa uwanjani na skafu shingoni, akipanga wavulana na wasichana katika vikosi.

Haukupita mwezi akapata kesi. Skauti husalimiana kwa mkono wa kushoto. Watoto walijifunza, wakafurahi, wakarudi majumbani kuwapa mkono wa kushoto baba zao, bibi zao na walimu wao wa madrasa. Jumatatu ofisi ilijaa wazazi. Mzee mmoja wa Mtaa wa Narung'ombe alisema, "Mwalimu, huyu nimemlea miaka tisa. Wewe umemharibu kwa siku moja!" Mwalimu hakubishana. Alizunguka nyumba kwa nyumba, akanywa kahawa, akala visheti, akaomba radhi. Mwisho wakaelewana kwamba mkono wa kushoto unaishia getini. Yule mzee ndiye aliyeleta wajukuu wawili waandikishwe, akiwaonya mbele ya walimu wasimletee ushenzi nyumbani.

Lakini kazi iliyomtambulisha Mwalimu kwa watu wa Kariakoo ni meza ya watoto waliopotea. Anayeujua Mtaa wa Kongo siku ya kuamkia Idi au Krismasi anajua kwamba mkono wa mtoto ukikuponyoka pale, umeponyoka kweli. Siku moja Mwalimu alimwona mtoto amesimama katikati ya umati analia, na watu wanampita, kila mmoja akidhani mama yake ni yule wa mbele. Tangu sikukuu iliyofuata, kwa idhini ya polisi, aliweka meza kwenye kona, akatundika kitambaa kilichoandikwa kwamba watoto waliopotea waletwe hapo. Skauti walipita wawili wawili wakipuliza filimbi na kutangaza jina la mtoto na nguo alizovaa. Wengine walibaki mezani na wale wanaolia. Kuna baba aliyekuja mbio kumchukua mwanawe, mtoto akakataa kuondoka mpaka amalize andazi la skauti.

Kuamkia Idi ya mwaka 2003 aliletwa mtoto wa kike wa kama miaka minne, amevaa gauni la njano na kandambili mguu mmoja. Aliyepangwa kukaa naye alikuwa Abdulhamid, skauti wetu wa darasa la saba. Mtoto alisema anaitwa Kuruthumu. Alipoulizwa mama yake nani, alijibu, "Mama." Alipoulizwa kwao wapi, alijibu, "Kwetu." Abdulhamid akamwuliza kwao kuna nini, akafikiri sana, akasema, "Kuna kuku."

Filimbi zilipulizwa mpaka maduka yakaanza kufungwa. Watoto wengine wote walichukuliwa. Kuruthumu hakuja mtu kumchukua. Mwalimu alimpeleka polisi, wakamwita afisa ustawi wa jamii, na afisa akamwuliza kama anaweza kukaa na mtoto mpaka sikukuu ipite. Sikukuu ikapita, na ya pili yake ikapita. Matangazo yalisomwa redioni. Skauti walizunguka misikitini na kwenye vituo vya mabasi wakiuliza. Hakupatikana aliyempoteza mtoto.

Mimi nilikuwa mwalimu mgeni wakati huo, na niliyoyaona sijayasahau. Kwa jina lake Mwalimu alijua mtoto ni wa Kiislamu. Yeye ni Mkatoliki asiyekosa misa. Alikwenda kwa jirani yake wa Magomeni, Bi Nasreen, aliyekuwa akisomesha watoto Kurani barazani, akamwomba ampokee. Kila alasiri alimpeleka mwenyewe, akakaa nje akisahihisha madaftari mpaka mtoto amalize. Nilimwambia hakukuwa na haja ya kujisumbua hivyo, mtoto mdogo kama yule hajui tofauti.

"Mama yake anajua," akanijibu.

Miaka ile ndiyo pekee niliyomwona Mwalimu akiwahi kutoka kazini. Kengele ikilia alikuwa tayari ameshika mkoba. Alijifunza kusuka, vibaya mwanzoni, mpaka Mwalimu Severa wa darasa la kwanza akamwonea huruma na kuzirudia nywele za mtoto. Jumamosi Kuruthumu alitembea nyuma ya mstari wa skauti, skafu ikimfika magotini, akipiga saluti kila alipopita mti.

Ilipokaribia miaka miwili, mwanamke mmoja alifika katika duka la khanga ambako Abdulhamid, baada ya kumaliza darasa la saba, alikuwa ameajiriwa. Alikuwa ametoka kijijini, kusini ya Kilwa. Alikuwa akimtafuta wifi yake, mfanyabiashara mdogo, ambaye alikuwa na mazoea ya kununua mzigo mtaa ule. Wifi huyo alikuwa amemchukua mtoto wake na kuja naye mjini, akiahidi kumsomesha. Mama alituma barua, hazikujibiwa, akadhani ni shughuli za mjini. Moyo ulipokataa, akauza alichokuwa nacho apate nauli.

"Mtoto anaitwa nani?" Abdulhamid akauliza.

"Kuruthumu."

Abdulhamid hakuaga hata tajiri yake. Alimshika yule mama mkono akamleta shuleni. Baadaye polisi walitusaidia kuunganisha habari. Siku ile ile ya kuamkia Idi, mwanamke alikuwa amegongwa na lori akikimbia barabarani, akafa bila kusema neno, akazikwa pasipo kujulikana jina. Ndiye yule wifi, na alikuwa akimtafuta mtoto.

Ilikuwa Jumamosi, tupo uwanjani. Mama alisimama getini, akamwona mwanawe, akashindwa kupiga hatua. Mwalimu alitazama uso wa yule mwanamke, akatazama wa mtoto, na nadhani alielewa kabla Abdulhamid hajafungua mdomo. Alimwita Kuruthumu, akamrekebishia skafu.

"Nenda kamwamkie mama."

Kuruthumu akaenda, akasimama mbele ya mama yake kama anavyosimama mbele ya mgeni yeyote wa shule. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," mama akasema, akakaa chini mavumbini.

Ustawi wa jamii walifanya uchunguzi wao. Mama alieleza kovu la moto juu ya kifundo cha mguu kabla hajaonyeshwa, na barua ya mwenyekiti wa kijiji ikathibitisha mengine. Katika siku zile za kusubiri, Mwalimu Severa, kwa mapenzi mema, alimwambia mwenzake pale ofisini, "Euphrasia, yule mama hana hata nauli ya kurudia. Mtoto hamjui. Wewe una mshahara, na unampenda. Tafuta wakili, hawatakunyima."

Mwalimu aliendelea kupanga daftari zake. Halafu akasema, "Tulikaa pale sokoni kuwatafutia watoto mama zao, Severa. Hatukukaa pale kunitafutia mimi mtoto."

Nilimsindikiza Mwalimu kuwaaga stendi ya mabasi ya kusini. Alikuwa amefungasha nguo za mtoto, viatu vya kukulia, na juzuu ambayo mtoto alikuwa akiisoma kwa Bi Nasreen, na akamwonyesha mama mahali alipofikia. Mtoto alilia mpaka basi likakata kona. Mwalimu hakulia. Jumatatu alikuja kazini sauti imekauka, akasema ana mafua, na tukamwachia aitwe mgonjwa wa mafua. Tangu wiki ile akawa wa mwisho kutoka shuleni. Mlinzi alizoea kumsubiri yeye ndipo afunge geti.

Kuruthumu alipokuwa na miaka kumi mama yake alimleta kutusalimia, na zawadi ya korosho. Alikuwa mtoto mzuri, mwenye adabu, amejificha nusu nyuma ya mama. Hakumkumbuka Mwalimu hata kidogo. Mwalimu alimwuliza anasoma darasa la ngapi na kama kuku wapo, akajibiwa wapo wengi, wakacheka. Walipoondoka alibaki ameshika ule mfuko wa korosho, kisha akatugawia wote, hata mlinzi.

Wapo wanaouliza uskauti una faida gani kwa mtoto wa leo. Wazazi wa siku hizi hutuambia waziwazi kwamba Jumamosi ni ya tuisheni, na kwamba kufunga kamba na kupiga saluti hakumfaulishi mtoto mtihani. Kundi lililowahi kujaza uwanja sasa lina watoto tisa. Zipo Jumamosi za masika ambazo bonde la Jangwani lilijaa maji na njia ya Magomeni ikakatika, Mwalimu akazunguka mbali kuja, akamkuta mtoto mmoja, akamfundisha huyo huyo. Zipo nyingine alizokuta uwanja mtupu. Alifagia stoo, akaanika hema, akarudi kwake.

Jibu langu kuhusu faida nililipata Idi ya mwaka huu. Aliletwa mezani mtoto wa kiume anayelia hata pumzi inamkatika. Mfanyabiashara aliyemleta alimwonyesha katuni kwenye simu, hakunyamaza. Skauti wetu Evelyn, wa darasa la sita, ambaye darasani kwangu kumsikia sauti ni kazi, alimwendea, akachuchumaa mpaka macho yao yakalingana, akamwuliza, "Unaitwa nani? Mimi naitwa Evelyn. Siendi popote mpaka mama aje." Na hakwenda. Alikaa naye juani hadi mama alipofika anahema, viatu mkononi. Mwalimu alinigusa bega.

"Umeona, Sadalla? Amechuchumaa. Hilo ndilo ninalofundisha."

Sijaona somo linalolifundisha hilo katika ratiba yetu. Mtoto wa leo anaweza kuwaona watu wa dunia nzima kiganjani mwake, na bado akampita mwenzake anayelia. Mwalimu Tarimo amekataa watoto wetu wapite, mwaka baada ya mwaka, bila posho.

Katika kikao cha mwezi uliopita Mwalimu Mkuu aliuliza nani atalipokea kundi. Mwalimu Joyceline, mdogo wetu kuliko wote, alikuwa akitazama meza. Mimi nilitazama dirisha. Mwalimu Euphrasia alisubiri, kisha akasema kwa upole, bila lawama, "Basi, tusichelewe, kuna ajenda nyingine." Nilimwona akiukunja ule mkono uliokuwa na ufunguo wa stoo. Uso wake ulikuwa ule ule wa stendi ya kusini.

Nikasema nitajaribu. Joyceline akasema tutajaribu wote wawili. Jumamosi yetu ya kwanza watoto ndio waliotufundisha namna ya kupanga mstari, na hema tulilisimamisha likaanguka mara mbili. Mwalimu hakuja. Alisema kiongozi mpya asikodolewe macho na wa zamani. Niliporudi kwa njia ya Magomeni nilimwona kwa mbali amekaa kwenye ngazi ya mlango wake, amevaa nguo za kutokea, hana pa kwenda.

Ndiyo maana, Mwalimu, sitakuaga kwa maneno yaliyozoeleka. Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Kisimani, na ya watoto wengi ambao wako majumbani kwao leo bila kujua kwamba waliwahi kushikwa mkono na wewe, asante. Tunakuombea afya, usingizi mwema na pensheni isiyozungushwa. Zaidi ya yote tunakutakia nyumba isiyokosa mtu wa kubisha hodi. Hilo hatutamwachia Mungu peke yake. Zamu tumepanga ofisini. Mimi naanza Jumapili hii, ukishatoka misa, na mke wangu ameshaanza kuuliza unapenda vitumbua vya nazi au vya kawaida.