Madoa ya Mkwe

Basi lilikuwa halijatoka kituoni, na mzee mstaafu alikuwa keshaanza kumsema mkwewe kwa mama mshonaji aliyeketi kando yake, ambaye hakumuuliza kitu.

"Kaosha gari jeusi, jipya, kisha kaliacha likaukie juani," alisema. "Matone yakaganda, gari likawa na madoa kama chui. Mwanamume mzima hajui kufuta maji. Nilimwambia binti yangu, hapo hukuolewa, uliokota."

"Wewe ukafanyaje, baba?"

"Nikachukua taulo langu kuukuu, nikayasugua hivi." Akazungusha mkono hewani.

"Taulo kavu?"

"Kavu, ndiyo. Madoa yamefifia, ila sasa jua likipiga, naona michirizi ya duara gari zima. Nimemgombeza mbele ya mkewe kwamba kalichubua. Tangu hapo binti yangu hapokei simu."

Mshonaji akacheka puani. Marehemu mumewe alikuwa dereva wa teksi, na taulo kuukuu halikuthubutu kulisogelea gari lake.

"Gari hukaushwa kivulini, bado likiwa limelowa," alisema. "Kitambaa laini na safi unakilaza, unakivuta taratibu. Hakuna kuzungusha. Madoa ni ya mkweo, baba. Michirizi ni ya mkono wako."

"Mkono wangu umefuta magari kabla wewe hujazaliwa."

"Nayaonea huruma hayo magari. Na hilo jeusi lenyewe ni la nani?"

Basi likasimama. Mzee akainuka, akatafuta fimbo yake chini ya kiti kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"La mkwe," akasema, akateremka.