Katapila Lililotoka Kisaki

Sogeeni karibu, wanangu, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni. Hidaya, kaa hapa kichwani pangu. Amani, zima redio hiyo. Na wewe Abasi, mpwa wangu, usisimame kama mgeni, maana la kwanza nitakalosema ni lako. Nimewaambia mengi nilipokuwa na nguvu zangu na mkayapitisha pembeni. Leo sina nguvu, basi mtanisikiliza.

Naanza na ardhi isije ikawagombanisha. Shamba la mdalasini na karafuu kule juu Matombo si langu, ni la lukolo, la ukoo wa mama yangu, nami nililima pale kwa kuwa nilizaliwa na mama yule. Linabaki kwa Abasi, mtoto wa dada yangu, na ndugu zake. Nyumba hii ya Kihonda niliijenga mwenyewe. Amani, ni yako na watoto wako. Na katapila ni la Hidaya.

Naona umeinamisha kichwa, Amani. Usinung'unike kabla hujajua lilivyopatikana.

Miaka tisa iliyopita kijiji chetu kule juu hakikuwa na barabara. Ndizi ziliozea migombani, wagonjwa walishushwa kwa machela, na mwanamke aliyeanza uchungu asubuhi alifika chini mchana, wengine wakiwa wamechelewa. Tukaunda kikundi, Eustace akiwa mwenyekiti, tukaazimia kuukata mlima wenyewe. Mimi nilitoa kiinua mgongo changu chote, wenzangu wakajitolea mafuta na chakula, tukaandikiana kwamba barabara ikiisha mashine itakuwa yangu.

Eustace akapata katapila kwa dalali mmoja mjini. Wanangu, lilikuwa linameremeta! Rangi ya njano mbichi, kiti kipya, injini inanguruma bila moshi, na watu wote tuliokwenda nao wakaanza kupiga picha. Lakini mimi nilikuwa fundi kwenye karakana ya shamba la miwa kwa miaka thelathini na mmoja, nami najua kinachomfilisi mwenye katapila ni miguu yake: cheni, rola zinazoibeba, na gurudumu la meno linaloivuta. Nilitaka kuchuchumaa, magoti yakakataa, nikamwambia Hidaya alale chini badala yangu.

"Baba, meno yamechongoka kama ya msumeno," akaniambia akiwa huko chini. "Na gurudumu la mbele wamelisukuma mpaka mwisho, lakini cheni bado imelegea."

Nikaweka pini kuukuu kati ya meno na cheni, dereva wa dalali akarudi nyuma taratibu mpaka cheni ikakazika kwa juu, ndipo Hidaya akapima viungo vinne, kutoka pini hadi pini, akarudia mara tatu. Ilikuwa imevuka kipimo cha kitabu cha mashine kwa upana wa kidole gumba. Pini zilikuwa zimelika kwa ndani, mahali ambapo brashi ya rangi haifiki.

Nikasema hatununui. Eustace akanigeukia mbele ya watu: "Mansuri, umeogopa kutoa pesa yako. Sema tu tujue."

Huyu Hidaya, msichana wa miaka ishirini na miwili, akajibu: "Samahani, mzee wangu. Cheni hii ikitoka kwenye mteremko wa kwetu, dereva anakwenda bondeni na mashine. Utakubali kukaa hapo juu wewe?"

Eustace hakukubali kukaa, lakini miezi mitatu hakunisalimia.

Tukalikuta jingine Kisaki, nyuma ya kambi ya mkandarasi aliyemaliza kazi, lina kutu tupu, kiti kimeliwa na panya. Watu walicheka. Hidaya akapima: viungo karibu sawa na kitabu, meno mapana, na bushi zinazozunguka pini hazijawahi kugeuzwa, yaani tulikuwa na upande wa pili mzima wa kutumia. Nikamnong'oneza asitabasamu mpaka tupatane bei!

Injini niliifungua na kuifunga kwa mikono hii. Likapanda, wanangu! Viangazi viwili Hidaya alikaa kwenye kile kiti akikata mlima, na cheni haikutoka hata mara moja. Lile la rangi alilinunua mtu mwingine, likaacha cheni siku ya nne, bahati njema likiwa tambarare. Gari la kwanza lilipofika juu, wanawake walipiga vigelegele mpaka sauti zikakauka, na mke wako, Abasi, alishuka nalo akajifungulia hospitali. Eustace akasimama mbele ya wote akasema, "Nilimwita mwoga mtu aliyeokoa roho zetu. Mansuri, nisamehe." Nilimsamehe palepale, msibaki na kinyongo na watoto wake.

Niliyaona haya kwa macho yangu. Mnadhani kuna tajiri aliyepata zaidi?

Hidaya, siku utakayonunua la pili, pima cheni zote mbili, maana hulika tofauti. Simama mbele uitazame. Ikienda kama nyoka, ondoka. Hakikisha hawajatoa kiungo ili kuifupisha. Rola inayovuja oili ihesabu imekufa. La kwetu litoe udongo kila jioni, na cheni usiikaze kupita kiasi. Amani, msaidie dada yako makaratasi ya serikali, usimwonee wivu. Abasi, mifereji ya barabara ifukuliwe kabla ya masika.

Nipe maji... kidogo tu, inatosha. Mnizike juu, kando ya mama yenu. Mungu awape kazi na afya ya kuifanya, awape... watoto wenye masikio. Hidaya, nigeuze upande wa kulia. Hapo, hapo. Radhi zangu mnazo, wote watatu... mnazo, wanangu... mnazo...