Mama Wino, Aliyetaka Kuchapa Umeme

Marehemu, ambaye wengi walimjua kwa jina la Mama Wino, alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa kwanza wa fundi bati, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Taa ya nyumba hiyo ilikuwa koroboi, na watoto waliigombania kila jioni.

Alianza shule ya msingi mwaka 1973 na kuhitimu shahada ya kemia mwaka 1990. Mwalimu wake mmoja alimwita king'ang'anizi, naye akalichukua kama sifa.

Tarehe 6 Agosti 1994 alifunga ndoa na fundi cherehani aliyemshonea koti la maabara. Alilirudisha akidai linabana, likarekebishwa, akalirudisha tena, mpaka fundi akashtuka kuwa koti halina kasoro yoyote.

Alianzia kazi kiwanda cha rangi. Mwaka 2005 akaajiriwa na karakana ya utafiti wa umeme wa jua.

"Tunatengeneza wino," alimwambia mumewe.

"Wa kuandikia?"

"Wa kuchapa."

"Kuchapa nini?"

"Umeme."

Mume alimuuliza kama amekula.

Alimweleza mara nyingi. Chembe za silikoni, ndogo kuliko vumbi, zilichanganywa na kimiminika zikawa wino. Wino ulichapwa kwenye bati jembamba kama gazeti, ukachomwa, na bati likipigwa na jua linatoa umeme. Nia ilikuwa bei ishuke mpaka nyumba kama ya baba yake imudu. Mume aliitikia kwa kichwa, lakini hakuelewa.

Mwaka 2011 alileta kipande nyumbani. Mume, akidhani ni kitu cha kukazia kola, alikikata kwa mkasi. Marehemu aliviokota vile vipande, akavianika juani na kuvipima.

"Bado vinatoa kidogo," alisema. "Umeniharibia na hujaniharibia."

Mpaka leo mume hajui kama siku ile alisamehewa au alipongezwa.

Karakana ilifungwa mwaka 2016. Paneli za kawaida zilikuwa zimeshuka bei kwa njia nyingine, wino ukakosa mnunuzi. Jioni moja wawili hao walipita mtaa wa mabanda, wakakuta karibu kila paa lina paneli.

"Hizi ni zako?" mume aliuliza.

"Hata moja."

"Basi walikushinda."

"Tulitaka watu wapate taa, baba watoto. Wamepata."

Alijifuta macho kwa kanga, huku anacheka. Mume hakujua ashike lipi, akamshika mkono.

Oktoba 2022 aliugua ini. Mume alimuuliza daktari kama ni yale madawa ya karakana. Daktari alisema haoni dalili, ila hawezi kuapa. Jambo hilo limebaki hapo, na linamkereketa mume. Marehemu alifariki nyumbani tarehe 12 Juni 2023, asubuhi, dirisha likiwa wazi kama alivyoomba.

Ameacha mume, mabinti wawili, mdogo wake wa kiume anayesoma wasifu huu, na wajukuu watatu. Wafanyakazi wenzake wa karakana mliofika, mume anawaomba msiondoke haraka. Anataka mkae naye mumweleze tena ule wino, taratibu, tangu mwanzo.

Mama Wino, pumzika kwa amani. Kazi umeifanya.