Mlango wa Mama Yake Kifua Wazi

Kijiwe cha Majaliwa pale Dunda kina mabenchi mawili. Moja lina miguu minne, jingine lina mitatu na tofali. Ukichelewa unakalia la tofali, na ukilikalia unaongea kwa adabu, maana ukirusha mikono tu umemwaga kahawa ya watu watatu. Majaliwa mwenyewe anakaa kati na dele lake la kahawa juu ya jiko la mkaa, kashata kwenye sinia, na sheria moja: anayetukana hapewi kahawa, anayedanganya anapewa, kwani ukikataza uongo kijiweni biashara imekufa. Alhamisi hiyo watu walikuwa wametoka kusali alasiri, na Abdulazizi alifika wa mwisho. Akakalia la tofali.

Huyu Abdulazizi ni fundi wa feni na pasi, lakini pale hakuna anayemwita fundi. Wanamwita Sauti. Zamani, kabla ya hizi simu za kupangusa, alikuwa mtafsiri kwenye banda la video: anakaa kando ya televisheni na maikrofoni, anapunguza sauti ya wazungu, anaongea yeye, na maneno yake yanarekodiwa. Kilichompa jina ni mkanda wa shujaa mmoja wa nchi ya barafu, upanga mrefu, kifua nje hata theluji ikianguka. Jalada lilikuwa na herufi zisizosomeka na mtu yeyote Bagamoyo nzima, basi watu wakambatiza shujaa Kifua Wazi. Mkanda wenye sauti ya Abdulazizi ulinakiliwa hadi ukafika Tanga.

Sasa, miaka ishirini na ushei imepita, vijana wameufufua. Wanachukua sauti ya mkanda, wanaigiza juu yake, wanarusha mitandaoni.

— Mtazameni huyu wa Kiwangwa! alisema Feisal, dereva wa bodaboda anayeitwa Breki kwa sababu hana. Kichwani kavaa shungi la nanasi, upanga wake mti wa muhogo!

Simu ikapita mkono kwa mkono. Jibaba lenye kitambi, kifua wazi, linakimbilia nyumba ya udongo juu ya baiskeli. Mdomo ukafunguka, ikatoka sauti ya Abdulazizi ya ujanani, nyororo: «Mama, usifunge mlango! Nakuja!» Mlango ukabamizwa, na dirishani yakatoka maji ya kuoshea vyombo. Benchi zima likacheka, na tofali likayumba.

— Huyo bado, alisema Majaliwa. Yule wa Mkange anayepigana na nguruwe pori kwenye mahindi ndiye kiboko. Nguruwe kamshinda.

— Wote wanamvunjia heshima shujaa, alisema Abdulazizi.

Alisema kwa sauti ya kuudhika, na kweli aliudhika kidogo, lakini si hilo lililomkosesha usingizi tangu Jumatatu. Jumatatu binti mmoja wa mtaani, Wahida, aliyeandaa mashindano ya kumuiga Kifua Wazi, alimletea barua ya mwaliko. Jumamosi, uwanja wa shule, Sauti awe mgeni rasmi, ashike maikrofoni awaeleze watu maana halisi ya lile neno analolipaza Kifua Wazi mkandani, lango kubwa likifungwa mbele yake. Barua ilimwita msanii. Tangu azaliwe hakuna aliyemwita msanii, basi akasema ndiyo kabla hajafikiri. Alipofikiri ndipo alipotamani kuirudisha barua, kwa kuwa lugha ya mkanda ule hakuijua hata neno moja. Hakujua hata ni lugha ya wapi.

— Maana yenyewe mbona iko wazi, alisema Abuu. Huyu wanamwita Kamusi, na methali zake zote huziweka palipo na nafasi, si palipo na maana. Wahenga wamesema, aliendelea, penye miti hapana wajenzi. Kule ni barafu tupu, fundi cherehani atoke wapi? Ndiyo maana kifua wazi. Basi anamwambia mama asifunge mlango kwa sababu ya baridi.

— Baridi gani, wakati anatoka jasho? alisema Breki. Mama pale si mama. Mama ni nchi. Anaiambia nchi isifunge mpaka.

— Mpaka wa wapi?

— Si huo wa barafu!

Hamood mwenye duka la vitambaa, anayeitwa Futi kwa kuwa utepe wa kupimia haumtoki shingoni, alitikisa kichwa.

— Nyote mmekosea kipimo. Lile lango mimi nimelitazama vizuri, lina urefu wa dhiraa thelathini, na mtu wa kulifunga haonekani. Mlango mkubwa, mfungaji haonekani. Sasa niambieni, huyo ni mama wa aina gani?

Vichwa vikasogeleana.

— Jini, alinong'ona Breki.

— Mimi sijasema. Umesema wewe.

— Subhanallah! Kumbe alinyonyeshwa na jini! Ndiyo maana mishale haimwingii!

— Na ndiyo maana havai shati, alidakia Kamusi. Mtoto wa jini ukimvika shati linaungua. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Hapo mvungu umeingiaje, Kamusi?

— Utaelewa ukikua.

Wakasonga mbele, wenyewe bila aibu. Mara lango lile likawa la peponi, Kifua Wazi alikwisha kufa tangu mwanzo wa mkanda na hakuambiwa. Mara akawa mtu wa hukuhuku pwani aliyechukuliwa na meli angali mchanga, na Breki akaapa kwamba ile miguu ni miguu ya watu wa Mkange, haifichiki. Majaliwa akamimina, wakanywa, wakaongeza. Abdulazizi alikuwa akiminya kashata hadi ikawa unga. Kila uongo uliopita aliuonea wivu, maana wenye uongo huo wangelala vizuri usiku wa kuamkia Jumamosi.

— Lakini jamani, alisema Futi, tunajisumbua nini? Mwenye mkanda si huyu hapa?

Wote wakamgeukia.

— Sauti, tuambie tu leo, alisema Breki. Jumamosi tutajifanya hatujui.

— Lugha ni bahari, alisema Abdulazizi.

— Bahari tunaijua, tunaishi nayo. Sema.

— Si kitu cha kusema kijiweni.

— Aa! Msanii huyo! Barua moja tu, keshatusahau!

Wakacheka. Futi hakucheka. Alikuwa anauzungusha utepe kidoleni.

— Mimi nitakwambia kitu, Sauti, na hawa wasinicheke. Mwaka ule mama yangu alikuwa Maskati kwa dada yake, mwaka wa pili hajarudi. Nikaja bandani, nikakusikia: «Mama, usifunge mlango, nakuja.» Nililia. Nikatoka nje kama naenda kukojoa, nikalia. Basi nataka kujua tu, yule bwana alisema hivyohivyo kweli?

Maskini Abdulazizi! Angepigwa kofi angeona nafuu. Ukweli wa jambo lile aliujua peke yake, na ulikuwa mdogo hivi. Siku ile umeme ulikatika, mkanda ukachelewa kuanza. Kwao kulikuwa na kanuni: Isha ikisaliwa, mama yake anapitisha komeo, na aliye nje yuko nje. Kifua Wazi anakaribia lango, lango linaanza kufungwa, anapaza sauti kwa lugha yake, na papo hapo msikitini adhana ya Isha ikaanza. Abdulazizi na maikrofoni mdomoni akamkumbuka mama yake na komeo lake, na neno likamtoka. Si la shujaa. Lilikuwa lake. Banda likapiga makofi, naye akaona aibu kusahihisha, na angesahihisha kwa neno gani?

— Futi, ndugu yangu, alianza, akipangusa unga wa kashata mapajani.

Hapo ndipo Bi Esha, mama yake, alipotokea kona ya mtaa. Alikuwa anatoka hitimani, kanga begani, mkononi mfuko wa pilau. Mama mfupi wa miaka sabini na kitu, haraka hana, na popote apitapo watu hukaa sawa.

— Shikamoo Bi Esha! Shikamoo mama! mabenchi yote mawili yakamwamkia kwa pamoja.

— Marahaba, wanangu. Hamjambo? Mbona mwanangu kakaa kama anayesubiri kutahiriwa?

— Tunambana, mama, alisema Breki. Atwambie maana ya Kifua Wazi.

Akamwonyesha simu. Bi Esha akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akatazama hadi maji ya vyombo. Midomo ikamcheza.

— Huyu mtu namjua, alisema. Kila nyumba wanamcheka. Wajukuu wangu nikiwatangulia chooni wananipigia kelele hizo hizo. Lakini mimi nina swali moja.

— Uliza, mama.

— Huyo mama yake, mlango aliufungua?

Breki akaitazama simu kana kwamba itamsaidia. Futi alihesabu kitu kwenye utepe, akauachia. Miaka yote ile, wameiga, wamecheka, wamelia, na hakuna hata mmoja aliyewahi kujiuliza. Majaliwa akainua dele kumimina, likatoa matone mawili na machicha ya kahawa.

— Sauti? alisema Futi taratibu.

Abdulazizi alimtazama mama yake. Usiku ule alikuta komeo limepita. Aligonga mara mbili, akaona haya kugonga ya tatu, akalala barazani juu ya saruji. Alfajiri aliamka mlango ungali umefungwa, na mwilini amefunikwa kanga. Hakuuliza. Naye hakuambiwa.

— Lugha yake siijui, Futi, alisema. Sikuijua hata siku ile. Neno lilikuwa langu, nilichelewa nyumbani. Na Jumamosi nitasema hivyohivyo, wanizomee.

Futi alijifuta uso kwa ncha ya utepe.

— Na mlango? aliuliza.

— Sikuuona ukifunguliwa, alisema Abdulazizi. Lakini nilifunikwa.

— Nchi ya barafu, kufunikwa na nini? alisema Kamusi, ambaye bado alikuwa kwenye mkanda.

Bi Esha alimkabidhi mwanawe mfuko wa pilau, akajitanda kanga vizuri, akaanza kuondoka. Baada ya hatua tatu akageuka.

— Twende, pilau linapoa, alisema. Na ile kanga yangu mpaka leo hujanirudishia.