Mlango Aliouziba Xinia

Marehemu Xinia Umaña Zumbado alizaliwa Barva, Heredia, nchini Costa Rica, tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa pili wa Mzee Abelardo na Bi Flory. Wasifu huu umeandikwa na mjomba wake Eladio, fundi kufuli asiye na mpinzani Heredia nzima. Anayebisha na afunge nyumba yake, aone.

Alisoma shule ya msingi palepale Barva. Akiwa na miaka tisa alifungua duka la mjomba kwa pini ya nywele, akaketi ndani kumngojea. "Umechelewa, Mjomba," akamwambia. Mwaka 1994 alihitimu uhandisi huko Cartago.

Mwaka 1996 aliajiriwa na kampuni moja huko Belén kubuni chipu za kielektroniki. Yeye alishughulikia mlango wa kupimia, yaani njia ambayo fundi huingilia ndani ya chipu kujua kama ni nzima au inaumwa. Tatizo ni kwamba mwizi wa siri naye huingilia hapohapo.

Mwaka 2001 alifunga ndoa na Rigoberto Víquez, mwoka mikate, mtu mpole kuliko unga wake.

Krismasi ya 2009, yeye na mjomba wakila tamale, ule unga wa mahindi unaopikwa ndani ya majani ya mgomba, alikuwa akiiwaza chipu mpya ya kufuli za umeme.

"Nikiuacha mlango wa kupimia na kuutia ufunguo je, Mjomba?"

"Ufunguo gani nisioweza kuuchonga mimi? Uzibe kabisa!"

"Na chipu ikiugua?"

"Umeibuni wewe, itauguaje?"

Akauziba. Haikupita miezi minane, kufuli zikaanza kuwagomea wenye nyumba. Zilirudishwa kwa makreti, na hakuna aliyeweza kuchungulia ndani kujua zinaumwa nini. Wenzake kumi na mmoja walipoteza kazi. Wakubwa walipouliza, alijibu, "Uamuzi ulikuwa wangu." Jina la mjomba hakulitaja hata siku moja.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Wiki ya mwisho alimwambia mjomba, "Mlango ule ningeutia ufunguo tu. Ungeuchonga, sawa, lakini kwa wiki nzima."

"Siku mbili."

Alicheka hadi akakohoa. "Basi siku mbili zingetosha kumkamata mwizi, mzee wewe."

Alifariki tarehe 9 Juni 2023. Ameacha mama, mume, watoto Jimena na Esteban, na mjomba anayekiri leo mbele ya wale wenzake Xinia kumi na mmoja, waliokuja kumzika: ushauri wa kuuziba mlango ulikuwa wa mjomba.

Xinia apumzike kwa amani. Lawama sasa ziende kwa mwenyewe.