Nani Amtangaze Aleida

Benchi la nje ya duka la mikate la mjane Hille, pale Hesseloo, lilikuwa na wenyewe: Wessel Tenbrink, mwalimu mstaafu, aliyeitwa Kamusi, Derk Nienhaus, mhunzi, aliyeitwa Mvukuto, na Everhard Schult, mpiga kengele wa kanisa, aliyeitwa Kengele. Alasiri hiyo birika la kahawa lilikuwa katikati yao, na Bernd Lensing alikuwa amesimama mbele yao, kofia mkononi. Mkewe Aleida alikuwa amefariki alfajiri. Desturi ilijulikana: jirani wa kwanza, yule ambaye mlango wake ndio wa karibu zaidi, hupita nyumba kwa nyumba kabla ya kengele ya jioni, akiutangaza msiba kwa lugha ya pale. Nyumba isiyotangaziwa haiji mazikoni. Lakini jirani wa kwanza wa Bernd sasa alikuwa Korbinian Reischl, mtengeneza jibini aliyehamia kutoka milima ya kusini.

— Aleida aliniusia, Bernd alisema. Atangazwe kwa lugha ya mama yake.

— Basi aende Mvukuto, alisema Kengele.

— Ukimruka jirani wa kwanza umeuvunja ujirani, Kamusi alijibu. Kesho jeneza litabebwa na nani?

— Damu nzito kuliko maji, alisema Mvukuto. Na huyo bwana hata maji hajui kuyataja. Sisi tunasema water, yeye wasser.

— Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, Kengele aliongeza. Jembe, si maiti wetu.

Bernd alitaka neno moja tu, ndiyo au hapana. Badala yake Kamusi alianza kufundisha. Zamani, alisema, wote walitamka t. Kusini ikalegea ikawa s, na p ikaanza kutoka na pumzi, na mageuzi hayo yakasogea kaskazini kijiji kwa kijiji mpaka yakachoka kwenye kijito cha hapa, chini ya kinu cha unga. Mvukuto alikataa: kosa ni la milima. Mtu anayepanda na gunia mgongoni hawezi kufunga kinywa sawasawa, pumzi inatoka pamoja na herufi. Kengele aliyaona hayo madogo. Yeye alijua habari za mfalme wa kusini aliyeng'oka meno, na watumishi wake wakaogopa kutamka vizuri kumshinda.

— Wewe huna meno tangu vita, Mvukuto alimwambia. Mbona husemi wasser?

— Mficha uchi hazai, alijibu Kengele, na hakuna aliyejua kwa nini.

Kivuli cha mnara wa kanisa kilikuwa kimefika mlangoni pa duka. Bernd alikitazama; saa ya kengele ya jioni ilikuwa karibu. Kamusi hakukitazama. Alisema hata wao wa Hesseloo ni watoro, kwa sababu f inayoanza neno lao la baba ilikuwa p huko nyuma kabisa.

Kengele aliweka kikombe chini taratibu.

— Unasema mama yangu alizungumza vibaya?

— Nasema mama zetu wote.

— Rudia.

Kamusi alikuwa karibu kurudia. Mvukuto alikuwa ameshainuka, mkono kifuani mwa Kengele, Korbinian Reischl alipotokea kwenye kona amevaa koti jeusi lililofungwa vifungo vyote. Hakuwasalimu.

— Natoka kwako, Bernd, alisema kwa matamshi yake ya kusini. Mlango uko wazi, mshumaa unawaka, na Aleida yuko peke yake. Kwetu maiti haachwi peke yake. Kwenu huachwa?

Hata Hesseloo hakuachwa. Mvukuto aliuondoa mkono kifuani mwa Kengele, akaketi. Bernd alihisi uso ukimwaka. Yeye alikuwa ametoka kutafuta maneno tu, akamwacha Aleida, mwenye maneno hayo, peke yake kitandani, mlango wazi.

Alivaa kofia yake.

— Bwana Reischl, alisema, tangaza. Anzia hapa.

— Kwa ulimi wangu huu?

— Ndio ulionitafuta. Mimi narudi kwake.

Aliondoka bila kugeuka. Nyuma yake Korbinian alivua kofia mbele ya benchi, akalitaja jina la Aleida Lensing, na wazee wale watatu wakasimama.